Misi katika snuka: haki ya aliyefunga njia, au adhabu mara mbili?

Maalim alikuwa anaongoza 55 kwa 41, na mezani imebaki mipira mitatu tu: wa buluu, wa pinki na mweusi. Dakika kumi baadaye yuko nyuma, 55 kwa 56, na mpinzani wake hajaingiza tunduni hata mpira mmoja. Pointi zote 15 zimetokana na faulo za Maalim mwenyewe. Chumba kilivuma. Waliosimama dirishani wanasema ameonewa, waliokaa benchi la ukutani wanasema sheria ndiyo hiyo, na ubishi ule tuliuteremsha ngazi tukaenda nao mpaka Jaws Corner, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye kahawa. Hii wiki ya pili haujapoa. Nauandika kwa sababu naona pande zote mbili zina hoja, na kwa sababu wengi wetu tunabishania sheria hii ya misi, ya kumrudishia mtu pigo alilolikosa, ambayo hatujaisoma mpaka mwisho.

Meza yetu iko ghorofani, Mkunazini, meza kuukuu ya futi 12 kwa 6, kitambaa chake kimepauka katikati. Karibu sote tumetokea kwenye puli na keram, na tumekuja na mazoea ya huko. Kwenye keram ukitumbukiza straika unalipa kete, yaani kosa linakupunguzia ulichonacho. Kwenye puli ukifanya faulo mwenzako anapewa nafasi ya ziada ya kupiga. Snuka ina hesabu yake: hupunguziwi kitu, ila mpinzani anaongezewa pointi, kuanzia 4 mpaka 7. Hili ndilo linalowachanganya wageni wa mchezo, kwamba mtu anaweza kuketi kitini, fimbo mapajani, na bado ubao ukamsogezea alama.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwekundu ni 1, wa njano 2, wa kijani 3, wa hudhurungi 4, wa buluu 5, wa pinki 6, mweusi 7. Unaingiza mwekundu, unafuatisha wa rangi, wa rangi unarudishwa mahali pake, unakwenda kwa mwekundu mwengine, mpaka myekundu yote 15 imalizike. Hapo tena rangi zinaingizwa kwa zamu kuanzia wa njano, na hazirudi. Ukichukua mweusi baada ya kila mwekundu kisha ukamaliza rangi zote, umepata 147 kwa mkupuo mmoja.

Faulo ni 4, isipokuwa pale mpira unaohusika una thamani kubwa zaidi. Zamu yako ni ya mwekundu, yaani ndio unaotakiwa kuugonga kwanza, ukagonga mweusi, umetoa 7. Zamu ni ya mwekundu na mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ukazama peke yake, umetoa 4. Makosa mawili kwenye pigo moja hayajumlishwi, linahesabiwa lile kubwa. Vijana wetu walikuwa wakidai 11 kwa aliyegonga mweusi badala ya mwekundu kisha mweupe ukazama, na nimewaona wakiandika hivyo ubaoni. Hiyo haipo. Na faulo si ya fimbo peke yake. Ijumaa mchana wapo wanaokuja moja kwa moja kutoka msikitini, na mkono wa kanzu ukiugusa mpira wowote, hata usiposogea, ni faulo. Mguu mmoja lazima ubaki sakafuni. Kwa mila ya mchezo huu, anayeitaja faulo ni yule aliyeifanya, hata kama hapana aliyemuona. Hili nalipenda kuliko jambo lolote jengine katika snuka, na nikimuona kijana wa miaka 16 ananyanyua mkono na kusema “nimegusa”, naona kazi ya chumba kile haipotei bure.

Sasa turudi kwenye misi. Misi ni tamko linaloongezwa juu ya faulo pale mchezaji aliposhindwa kuugonga mpira wa zamu yake na ikaonekana hakujitahidi kwa uwezo wake wote. Ikitamkwa, mpinzani anachukua pointi zake, kisha anachagua: apige yeye, au amwachie mkosaji apige tena kutoka pale mipira iliposimama, au adai mipira irudishwe ilipokuwa na mkosaji arudie pigo lile lile. Chaguo hili la mwisho ndilo lililomla Maalim.

Mpinzani wake, fundi simu, kijana wa Darajani, aliuteleza mweupe polepole ukapita ubavuni mwa mweusi ukatua nyuma yake, kwenye ule mwanya wa milimita 324 baina ya alama ya mweusi na ukingo wa meza. Ukiitazama meza kwa juu utaelewa uzito wa pigo lile. Mweusi, wa pinki na wa buluu yote inakaa kwenye mstari mmoja wa katikati. Mweupe nao ulikuwa juu ya mstari huo huo, karibu kabisa na mweusi. Zamu ilikuwa ya buluu, na buluu haionekani hata ukipiga magoti. Njia iliyobaki ni kugonga ukingo wa ubavuni, usawa wa pinki ukivuka kidogo, ili mweupe urudi katikati ukutane na buluu.

Maalim akainama akapiga taratibu. Mweupe ukapita mbele ya buluu kwa upana wa vidole viwili. Fundi akasema, “Maalim, samahani, hiyo misi.” Maalim akamjibu, “Misi gani mwanangu, nimeukosa unywele?” Mipira ikarudishwa. Pigo la pili likakosa kwa vidole vitatu, la tatu likafa njiani. Tano, tano, tano. La nne likaugusa buluu, ila likauacha mdomoni mwa tundu. Fundi akauingiza, akaingiza na pinki, mchezo ukaishia 67 kwa 55, na mweusi haukuwa tena na kazi.

Wanaomtetea Maalim wanasema amehukumiwa mara mbili kwa kosa moja: ametoa pointi, kisha amerudishwa kwenye shimo lile lile atoe nyengine. Wanasema maneno ya sheria ni “kwa uwezo wake wote”, na uwezo wa mwalimu wa skuli anayecheza usiku mara mbili kwa wiki haupimwi kwa mizani ya bingwa wa dunia. Nakubaliana nao hapo. Kwenye mashindano ya kulipwa refa huita misi karibu kila mara, kwa kuwa mchezaji wa daraja lile anaaminika kulimudu pigo. Kwa wachezaji wa kawaida refa anatakiwa atazame ugumu wa pigo na uwezo wa anayepiga. Tena kuna hili la kitambaa. Wakati wa masika hewa ya bahari inakiloweza, mipira inakuwa mizito, na pigo ambalo Disemba lingefika, Aprili linafia njiani. Mtu akikosa kwa mpira kuishiwa mwendo, unathubutu vipi kusema amefanya hila?

Upande wa fundi nao una nguvu, na mimi mwenyewe ulinichukua siku nyingi kuukubali. Kumfungia mtu njia ni ufundi kama kuingiza mpira, na pigo hilo huitwa snuka, sawa na mchezo wenyewe, ambao maafisa wa jeshi la Uingereza waliubuni Jabalpur, India, mwaka 1875. Ondoa misi, ufundi huo unakuwa haulipi. Aliyefungiwa ataupiga mweupe polepole uende karibu na buluu, ukose kidogo, utulie pahali salama. Atatoa pointi 5, na mwenzake atabaki na meza isiyo na kitu cha kupiga. Kwa anayeongoza kwa 14 hiyo ni bei rahisi sana. Nimewahi kuifanya mwenyewe, kabla hatujaanza kuitumia misi pale chumbani, na nilijua ninachofanya. Kwa hiyo fundi anaposema pigo la polepole la Maalim lilichaguliwa kwa sababu ukikosa huumii, hamtukani mtu. Anaeleza jinsi mchezaji mwenye akili anavyowaza.

Lipo na jambo ambalo pande zote mbili hawakuligusa mpaka tulipoketi tukaisoma sheria sawasawa. Laiti Maalim angekuwa anaongoza kwa 20, misi isingeitwa kabisa. Mezani zilibaki pointi 18, na fundi hata angeingiza yote asingefika. Katika hali hiyo, ambapo mmoja wao anahitaji faulo ili aweze kushinda, sheria inasema faulo ihesabiwe na mipira isirudishwe, maadamu kosa si la makusudi dhahiri. Hali hii huangaliwa kabla ya pigo na baada yake. Maalim alikuwa mbele kwa 14, pengo lililo ndani ya 18, kwa hiyo misi ilisimama.

Wengi wameliona hili kama kichekesho: anayeongoza kwa mengi anaadhibiwa kidogo, anayeongoza kwa machache anakamuliwa. Kwangu mimi hapa ndipo unapoona mwandishi wa sheria alifikiri. Aliyeachwa mbali kiasi hicho ameshafika pa kutegemea makosa ya mwenzake. Akiruhusiwa kurudisha mipira bila kikomo, snuka moja nzuri itamrejeshea mchezo mzima. Basi anaambiwa: chukua pointi zako, kisha katengeneze snuka nyengine. Kwa aliye karibu, hesabu bado iko wazi kwa wote wawili, na hapo inalindwa thamani ya lile pigo la kufungia. Kuna ulinzi mwengine pia. Mtu akiwa na njia iliyonyooka ya kuugonga mpira wa zamu katikati yake na akakosa mara tatu mfululizo, anapoteza fremu, yaani mchezo mzima ule, na lazima aonywe baada ya mara ya pili. Aliyefungiwa, kama Maalim, hukumu hiyo haimhusu hata akikosa mara kumi. Kwa hiyo sheria inajua tofauti ya mzembe na aliyezibiwa.

Hukumu yangu ni kwamba fundi alikuwa na haki ya kuidai misi, na ya kwanza naikubali bila kusita. Ya pili naikubali pia. Ya tatu siikubali. Pigo lile lilifia njiani, sote tuliuona mkono wa Maalim ukitetemeka, na refa mwenye macho angesema hapo mzee amefanya alichoweza. Tatizo ni kwamba refa hatukuwa naye. Aliyedai ndiye aliyehukumu, na kwa desturi zetu kijana akimhukumu mwalimu wake mbele za watu, hata akiwa sahihi, maneno yanabaki moyoni. Misi ilitungwa kwa meza yenye mtu wa tatu.

Nina wasiwasi zaidi na urudishaji wa mipira. Kwenye televisheni wana picha ya meza ilivyokuwa, wanafananisha mpaka upana wa chaki. Sisi tulimrudisha mweupe kwa kukumbuka, na kila aliyekuwepo alikumbuka kwake. Nina hakika mara ya tatu ulikuwa umesogea kushoto kiasi cha sentimita moja, na kwa pigo la kugonga ukingo kwanza, sentimita moja mwanzoni inazaa zaidi ya hiyo mwishoni. Fundi amependekeza tupande kiti tupige picha kwa simu kabla ya kila pigo la kujinasua. Wazee wamelipokea kwa shingo upande, wanasema mchezo utakuwa mrefu. Mimi naliunga mkono, kwa sharti kwamba mipira irudishwe na mtu asiyecheza fremu ile, na yeye ndiye aseme kama pigo lilikuwa la kweli.

Wapo wanaotaka tuifute misi kabisa, tubaki na pointi za faulo na kuendelea. Nawaelewa, kwa sababu usiku wenyewe ni mfupi na meza ni moja. Ila wale vijana watatu wanaotaka kwenda kushindana Dar es Salaam watafika kule na mazoea ya kukosa kwa makusudi, na watajifunza kwa kufungwa. Kwa wanaoanza, miezi ya mwanzo, ningeilegeza: warudie mara moja tu, kisha mchezo uendelee.

Jumanne nilipanda mapema, kabla ya magharibi. Maalim alikuwa peke yake, feni imezimwa, ameiweka ile mipira mitatu kwenye mstari wake na mweupe nyuma ya mweusi. Anapiga ukingo wa kulia, anaufuata mpira, anaurudisha, anapiga tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Nilisimama mlangoni nikahesabu. Mara ya sita ndiyo buluu ililia.