Kidole gumba changu na mashine za Birmingham

Huu ni mwaka wangu wa sita Birmingham, Uingereza, nikiwa nesi wodi ya magonjwa ya moyo, na kila nikirudi likizo swali ni lilelile: "Wenzetu huko wana mashine, eti?" Wanazo, tena nyingi. Lakini nilichokionea wivu huku si mashine.

Nyumbani Tanzania, hospitali ya mkoa nilikoanzia, zamu ya usiku tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa zaidi ya 30. Mashine ya presha ilikuwa moja, betri tunanunua wenyewe. Kwa hiyo ulipima kwa ulichonacho. Mapigo unayahesabu dakika nzima, maana moyo unaorukaruka ukiuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, utadanganyika. Muundi unaubonyeza kwa kidole gumba, unahesabu hadi 5, unaachia, unaangalia kama shimo linabaki. Halafu unauliza, "Mama, usiku unalalia mito mingapi?" Mtu ambaye moyo wake umechoka akilala chali maji humjaa mapafuni, ndiyo maana wengi watakuambia wanalala wamekaa.

Mizani hatukuwa nayo wodini. Ila kuna mama mmoja alirudi kliniki akaniambia, "Sista, kandambili zimeanza kunikataa." Nilitazama miguu, alama ya mikanda imezama kwenye ngozi. Maji yalikuwa yamerudi. Huku mgonjwa wa aina hiyo hufundishwa kujipima uzito kila asubuhi, na akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 anampigia simu nesi wake. Sawa kabisa, lakini yule mama hakuhitaji kufundishwa.

Na vidole vile havijapoteza kazi. Kuna mzee wa Kijamaika alilazwa kwetu, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 96. Kijana niliyekuwa naye zamu akasema yuko vizuri, akataka kwenda kitanda kingine. Mimi nilimwona mzee anakata sentensi katikati ili avute pumzi. Nikamshusha mdomo wa chini, ufizi ulikuwa wa kijivu. Damu ilipotolewa kwenye ateri ikapimwa, oksijeni ilikuwa chini kuliko ile 96 ya kidoleni. Kipimo kile hupitisha mwanga kwenye ngozi, na imeshajulikana kwamba kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu ya ukweli. Vitabu navyo vinaandika "mgonjwa atapauka" kana kwamba wagonjwa wote ni Wazungu. Sisi tunajua pa kutazama: ndani ya kope, kiganjani, ulimini, kwenye ufizi.

Sasa wivu wangu. Ni karatasi tu, ingawa siku hizi iko kwenye kompyuta. Wanaiita NEWS2, toleo la 2017: fomu ya alama za kuonya mapema kwamba mgonjwa anazidiwa. Unapima kasi ya kupumua, oksijeni, namba ya juu ya presha, mapigo, joto na fahamu, kila kimoja unakipa alama kuanzia 0 hadi 3, na anayesaidiwa na oksijeni anaongezewa 2. Jumla ikifika 5 daktari anaitwa haraka. Ikifika 7 ni dharura. Nikipiga simu saa tisa usiku sianzi na "samahani daktari, sijui kama nakusumbua". Nasema, "Ana 7." Anakuja. Asipokuja, ninajua wa kumpigia anayefuata, na hakuna atakayeniita mjuaji.

Nyumbani nilikuwa na mgonjwa, dada wa miaka 24, mlango wa moyo umesinyaa kwa ile homa ya rumatiki inayoanzia kwenye koo la utotoni lisilotibiwa. Alikuwa amejifungua siku tatu nyuma. Usiku akaanza kupumua mara 34 kwa dakika, anakohoa povu. Nikampigia daktari wa zamu. Akaniuliza, "Wewe nesi umejuaje kama ni moyo?" Nilipopiga mara ya pili hakupokea. Alipofika asubuhi tulikuwa tumeshamfunika. Ile 34 ilikuwa kwenye faili, kwa mwandiko wangu, na saa nimeandika.

Ndiyo maana kila nikisikia mjadala wa mashine zipi zinunuliwe, roho inanikereketa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar tangu 2015, na upasuaji uliokuwa unawapeleka watu India unafanyika palepale Muhimbili. Naisifu bila kinyongo. Lakini mgonjwa hafiki Muhimbili kabla hajapita mikononi mwa nesi wa zahanati, wa wilaya, wa mkoa, na hao wote bado wanaomba radhi kwa kuona ambacho hakuna mwingine amekiona. Fomu ya alama ni gharama ya kudurufu. Kinachogoma ni heshima, na hiyo haiagizwi kwa meli.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni nesi wilayani. Nilimtumia ile fomu, akaichora kwenye daftari la mistari kwa rula. Juzi usiku akaniandikia: kipimo cha oksijeni kiko chumba cha upasuaji na kumefungwa, kwenye mstari ule aandike nini? Nikamwambia aache namba wazi, aandike rangi ya ufizi, na saa.