Kilo zikirudi baada ya antibiotiki: tuilaumu dawa?

Kuna lalamiko ambalo siku hizi halikosi kusikika Lubumbashi, iwe Katuba, Kamalondo au Golf, wanapokutana watu waliowahi kupunguza kilo nyingi. Linakwenda hivi: nilikonda kwa jasho langu, uzito ukatulia, kisha tifoidi ikanikamata, nikameza Cipro, antibiotiki ya kuua bakteria, nikapona, na tangu hapo kilo zinarudi ingawa sijaongeza chakula. Ile dawa imeniharibia utumbo.

Wako wanaolipokea lalamiko hilo moja kwa moja, na wengine wameapa kutogusa antibiotiki tena. Wako pia wahudumu wa afya wanaolifuta kwa neno moja: umekula, ndiyo maana umenenepa. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda, na naona pande zote mbili zinamnyima mgonjwa haki yake. Dawa ina sehemu, lakini ni ndogo kuliko inavyosemwa. Sehemu kubwa iko kwenye ugonjwa wenyewe, kwenye wiki zile za kitandani, na kwenye mwili ambao tangu siku ulipokonda haujaacha kudai kilo zake.

Tuanze na wanaolaumu dawa, maana hawakuota. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wataalamu wa Marekani waligundua kwamba vifaranga waliolishwa kiasi kidogo cha antibiotiki walikua haraka na kunenepa kuliko wenzao. Kwa miongo mingi wafugaji wa nchi tajiri wakaichanganya kwenye chakula cha kuku, nguruwe na ng'ombe, hata wasiougua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi hayo ya kunenepesha mwaka 2006 tu. Mwaka 2012 maabara ya Martin Blaser huko New York ikaonyesha kwamba panya wachanga waliopewa antibiotiki kidogo kidogo walijenga mafuta mengi zaidi mwilini. Mwaka uliofuata wanasayansi wengine walichukua bakteria wa utumbo kutoka kwa mapacha, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wakawapandikiza panya wasio na bakteria wowote. Panya waliopokea wa yule mnene walijenga mafuta zaidi. Kwa hiyo anayesema viumbe wa tumboni wana neno katika uzito wetu hasemi porojo.

Utafiti unaogusa suala letu kwa karibu zaidi ulitoka mwaka 2016 katika Taasisi ya Weizmann, Israeli. Panya walinenepeshwa, wakakondeshwa hadi uzito wa kawaida, halafu wakarudishiwa chakula cha mafuta. Walinenepa upesi kuliko panya ambao hawakuwahi kuwa wanene. Damu yao na sukari yao vilikuwa vimerudi sawa, lakini bakteria wa tumboni walikuwa bado wale wa enzi za unene, na walikaa hivyo muda mrefu baada ya panya kukonda. Bakteria hao walipohamishiwa panya wengine, unene wa haraka ukahamia nao.

Hapo ndipo wengi wanapoishia wanapousimulia. Lakini katika utafiti huohuo, panya waliokuwa wamekondeshwa walipopewa antibiotiki kali, ile kasi ya kunenepa upya ilipotea. Dawa ilifuta kumbukumbu ya unene badala ya kuileta. Sisemi mtu ameze antibiotiki ili asinenepe. Hilo lingekuwa jambo la hatari. Nasema kwamba anayeutumia utafiti huo kushitaki dawa ajue kuwa shahidi wake ana maneno mengine pia.

Kwa binadamu mambo yanapoa zaidi. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwapa wanaume 57 wenye unene uliozidi antibiotiki ya amoksisilini, au ya vankomisini, au kidonge kisicho na dawa, kwa siku 7. Vankomisini ilipunguza sana aina za bakteria, lakini uzito, mafuta na namna mwili unavyotumia sukari havikubadilika kwa kiasi cha maana, hata walipopimwa tena wiki kadhaa baadaye. Huko Denmark, vijana 12 wenye afya walipewa antibiotiki tatu kali kwa siku 4. Baada ya takriban mwezi mmoja na nusu tumbo lilikuwa limerudi karibu na lilivyokuwa, ingawa aina 9 za bakteria waliokuwapo kwa wote mwanzoni hazikuonekana tena hata baada ya siku 180.

Mtu anaweza kuusoma utafiti huo wa Denmark kwa namna mbili, na zote mbili ni halali. Utumbo hurudi. Lakini si bakteria wote wanaorudi. Na wanaume wa Maastricht hawakuwa watu waliotoka kupoteza kilo 30. Walikuwa bado wanene. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu wa Katuba kwamba sayansi imemthibitishia kuwa dawa haikumgusa. Ninachoweza kumwambia ni kwamba kozi moja ya wiki moja, kwa mtu mzima, haijaonyeshwa kurudisha kilo kumi.

Nani basi anazirudisha? Mwili uliokonda haufanani na mwili uliozaliwa mwembamba. Huko Melbourne watu 50 wanene walipewa chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa bado zilikuwa zimepanda na zile za kushibisha zimeshuka, na wenyewe walisema wana njaa kuliko mwanzo. Marekani, washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha kupunguza uzito walipimwa miaka 6 baada ya mashindano. Walikuwa wamepoteza kilo 58 kwa wastani, na kilo 41 zilikuwa zimerudi. Miili yao, hata ikiwa imepumzika, ilikuwa ikichoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao.

Kalori 500 ni mlo. Maana yake ni kwamba mtu aliyekonda sana akila sawa na jirani yake mwenye kilo zilezile ambaye hakuwahi kunenepa, yeye ataongezeka na jirani hataongezeka. Hajadanganya anaposema "sijaongeza chakula". Huyu mtu anaonewa anapoambiwa mlafi. Na anajionea mwenyewe anapotafuta siku moja, dawa moja, ya kubebesha kosa lote, kwa sababu kilo zake zilikuwa zikivutwa kurudi hata kabla ya tifoidi.

Tena antibiotiki haiingii nyumbani peke yake. Huja na ugonjwa, na mjini kwetu ugonjwa huja na ndugu. Namkumbuka mama mmoja wa Kampemba, muuza unga, aliyekuwa ameacha soda na mkate wa jioni na kwenda sokoni kwa miguu kila asubuhi. Alipolazwa, dada zake walipokezana kitandani na masufuria yao: uji mzito wa sukari na karanga, bukari (ugali) wa unga mweupe, kuku aliyeogelea kwenye mafuta, na chupa za soda nyekundu walizoamini kuwa zinarudisha damu. "Mama, umekauka, kula." Nani angekataa? Alipotoka hospitali aliambiwa apumzike, na kwa wiki nyingi sokoni akapelekwa na teksi. Mboga zake za matembele na lengalenga (mchicha), alizozizoea kila siku, zilikatwa kwa sababu tumbo lilikuwa bado linauma. Mizani ilipopanda, yeye alikitaja kidonge tu.

Hapa kuna jambo zito ambalo wataalamu wa mbali hawaliweki kwenye hesabu. Kwetu kukonda bado kunasomwa kama ugonjwa au umaskini. Aliyepoteza kilo 30 huulizwa kwa sauti ya chini kama amepima, na mtaa mzima unajua ni kupima nini. Siku akiugua kweli, familia hupata ruhusa ya kumrudisha kwenye umbo walilomzoea, na humrudisha kwa upendo. Upendo huo ni wa kweli, lakini sahani zake zinapita mahali ambapo bakteria hawahitajiki kabisa ili mtu anenepe.

Hata hivyo kuna mahali ninapokubaliana kabisa na wanaoiogopa dawa, nako ni kwenye meza ya farmasi ya mtaani. Mtu anaingia, anataja mafua au tumbo kuvuruga, na muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge vinne kutoka kwenye karatasi yake, anavifunga. Leo ampisilini, mwezi ujao Flagyl, baada ya hapo Cipro. Hakuna kipimo, hakuna kumaliza kozi. Mafua ni ya virusi, na antibiotiki haziyafanyi lolote. Utafiti wa Maastricht haukumpima mtu wa namna hii, na wala ule wa Denmark. Wote walipima kozi moja tu kwa tumbo lililokuwa limetulia. Tumbo linalopigwa kila baada ya wiki chache halipati ule mwezi na nusu wa kurudi. Mimi naamini hapo ndipo madhara ya kweli ya utumbo wetu yalipo, na uzito ni sehemu tu ya hasara: mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilitokana moja kwa moja na bakteria waliozoea dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa idadi ya watu wake.

Lakini tifoidi ya kweli ni kitu kingine. Ikiachwa bila antibiotiki inaweza kutoboa utumbo, na madaktari wa upasuaji wa Kongo wanaifahamu vizuri operesheni hiyo. Anayekataa dawa ya tifoidi kwa kuogopa kilo anaweka maisha yake rehani kwa hofu ambayo ushahidi wake kwa watu wazima ni dhaifu. Hili nalisema bila kusitasita.

Kwa watoto mizani inakaa vingine. Nchini Malawi, watoto wenye utapiamlo mkali waliopewa antibiotiki pamoja na chakula cha tiba walipona zaidi na kuongezeka uzito zaidi, kwa utafiti uliotangazwa mwaka 2013. Miaka mitatu baadaye utafiti wa Niger haukuona faida hiyo katika kupona utapiamlo. Kwa hiyo hata pale ambapo kuongeza kilo ndiyo nia yenyewe, dawa haitoi jibu moja kila mahali.

Baada ya kozi, watu huuliza watengeneze vipi tumbo. Vidonge vya bakteria wazuri vinauzwa ghali mjini, na hapa naona watu wanapoteza fedha. Utafiti mwingine wa Weizmann, wa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliomeza vidonge hivyo baada ya antibiotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko wale walioachwa tu. Chakula kina ushahidi bora zaidi. Mwaka 2015 watu wa vijijini Afrika Kusini na Wamarekani weusi walibadilishana mlo kwa wiki 2: Wamarekani wakapanda kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, Waafrika wakashuka kutoka 66 hadi 12. Kazi ya bakteria na dalili za uvimbe wa utumbo vikabadilika upande hadi upande ndani ya siku hizo chache. Huko Stanford, mwaka 2021, waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wiki 10 walipata aina nyingi zaidi za bakteria.

Sisi tuna munkoyo. Uji wa mahindi unaolainishwa kwa mizizi iliyopondwa na kuachwa uchachuke ni chakula cha aina hiyo hasa, ukiwa umetengenezwa kwa maji safi. Shida ni kwamba munkoyo mwingi wa chupa unaouzwa sasa umetiwa sukari nyingi kama soda, na mtu anayelinda uzito akiunywa huo kwa lita hajifanyii mema. Maharagwe, sombe (kisamvu) isiyozama kwenye mawese, matembele, na bukari wa unga usiokobolewa sana vingemfaa zaidi kuliko chochote kilichofungwa kwenye kichupa cha farmasi.

Na hata bakteria wenyewe wasitukuzwe kupita kiasi. Mwaka 2021, huko Israeli, watu 90 waliokuwa wamekonda walipewa ama vidonge vya bakteria wao wenyewe, waliohifadhiwa tangu siku za wembamba wao, ama vidonge vitupu. Kwa jumla, bakteria hao hawakuzuia kilo kurudi. Walizuia kwa kundi moja tu, wale waliokuwa kwenye mlo wenye mimea mingi ya kijani, ikiwemo chai ya kijani.

Anayemaliza kozi yake ya tifoidi leo, na anayezililia kilo alizozitoa, ningemwomba apande mizani mara moja kwa wiki kuanzia siku anayotoka kitandani, kwani kilo mbili huzuilika na kumi huwa vita nyingine. Awaambie ndugu mapema wamletee maharagwe badala ya soda, na wao wakiambiwa kwamba ndiyo aliyoagiza dokta watakubali upesi zaidi. Mboga zirudi sahanini mara tumbo litakapozipokea, na miguu irudi barabarani hata kwa dakika kumi. Na siku atakapougua tena, aulize kabla mkasi haujakata: nimepimwa nini, na hii dawa inaua mdudu gani?