Eti dabo ni ya waliofeli singo? Tuongee, na hela tuitaje

Kuna kauli haikubali kufa kwenye vijiwe vya tenisi hapa Chuga, yaani Arusha, na safari hii imeibuka tena kwa sababu kuna mzazi anauliza kama mwanae wa miaka 13 aanze kuelekezwa kwenye dabo mapema. Kauli yenyewe ni kwamba dabo, wawili kwa wawili, ni kimbilio la walioshindwa singo, mmoja kwa mmoja, mtu akiona mapafu hayatoshi anatafuta mwenzake wagawane uwanja. Wanaoipinga nao hawana simile, wanasema dabo ni fani kamili, ina mafundi wake, na nyota wa singo akijitia kuingia huko anaumbuka. Mi naona kila upande umeshika nusu ya ukweli, ila kwenye swali la huyu mzazi wote wamepiga pembeni kidogo.

Mfano ninaoupenda ni wa Matthew Ebden kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Huyu Mwaustralia alienda pale kucheza dabo tu, singo alikuwa hajaigusa karibu miaka miwili, sasa nafasi ikabaki wazi kwenye droo ya singo, na nafasi kama hiyo anapewa mchezaji ambaye tayari yupo pale pale, wakamtumbukiza yeye, na mpinzani ni nani? Novak Djokovic. Akala 6-0, 6-1. Wanaosema dabo ni ya waliofeli wangeweza kufunga mjadala siku hiyo hiyo. Wiki moja baadaye Ebden na John Peers wakavaa dhahabu ya dabo, wamewafunga fainali Wamarekani Austin Krajicek na Rajeev Ram, taibreka ya mwisho, yaani gemu ya ziada ya kuamua mshindi, 10-8. Na hao hao Krajicek na Ram ndio waliowatoa Rafael Nadal na Carlos Alcaraz robo fainali kwa 6-2, 6-4, tena Roland Garros, nyumbani kwa French Open, kwenye udongo ambao Nadal kachukulia mataji 14.

Sasa jumlisha mwenyewe. Mtu mmoja, wiki moja, kwenye singo ni kichekesho na kwenye dabo ni bingwa wa Olimpiki. Maana yake hizi ni kazi mbili tofauti, na kuwa bora kwenye moja hakukupi cheti cha nyingine. Halafu huyo Ebden "aliyefeli" singo alishafika namba 39 duniani mwaka 2018. Kama huko ndiko kufeli basi wengi tungeomba tufeli hivyo.

Kwa nini ni kazi tofauti? Uwanja wa singo una upana wa mita 8.23, wa dabo unaongezwa vile vichochoro pembeni unakuwa mita 10.97, lakini mko wawili, kwa hiyo kila mtu eneo lake limepungua na muda wa kufikiri umepungua zaidi. Kwenye singo ya siku hizi watu wanaweza kukaa nyuma wakatwangana mipira kumi, kumi na tano, anayechoka ndiye anayekosea. Kwenye dabo pointi nyingi zinaamuliwa ndani ya mipigo minne ya mwanzo: sevu, kurudisha sevu, voli (kuupiga mpira kabla haujadunda), umekwisha. Yule aliyesimama wavuni kwa upande wa anayesevu ndiye injini ya mchezo japo mtazamaji mgeni anamuona kama amesimama tu. Anatoa ishara kwa vidole nyuma ya mgongo, kwamba nitakatiza au nitabaki, sevu ipige katikati au nje, na mara nyingine anachuchumaa katikati kabisa ya uwanja ili anayerudisha asijue ataibukia upande gani. Kurudisha sevu nako ni kugumu kuliko singo kwa sababu ukiuinua mpira kidogo tu kuna mtu pale wavuni anakungojea auue, lazima uupige chini, miguuni kwa mtu. Vitu hivi havijifunzwi wiki moja kabla ya mashindano, na ndio maana mapacha Bob na Mike Bryan, mmoja anapiga kushoto mwingine kulia, walibeba pamoja mataji 119, kati yake 16 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa, walikuwa wanacheza kama mtu mmoja mwenye mikono miwili yote ya kupigia.

Ila tusijidanganye kwamba nyota wa singo hawezi kabisa. Wimbledon 2014 Vasek Pospisil na Jack Sock walikutana kwa mara ya kwanza kama timu na wakachukua taji, fainali wakiwafunga hao hao Bryan. Australian Open 2022 Nick Kyrgios na Thanasi Kokkinakis waliingia kwa kadi ya mwaliko wakabeba kombe mbele ya umati uliokuwa unapiga kelele kama uko kwa Mkapa derby ya Simba na Yanga. Kwa hiyo mwenye sevu kali na mkono mwepesi anaweza kuja akavuruga meza. Wanachoshindwa wengi wao ni kurudia mwaka baada ya mwaka, na pia hawana haja, ratiba ya singo inawabana na hela iko huko.

Na hapo kwenye hela ndipo mashabiki wa dabo huwa tunapata kigugumizi. Wimbledon 2025 bingwa wa singo alipewa pauni milioni 3. Mabingwa wa dabo walipewa pauni 680,000, na hiyo ni ya timu, wanagawana, kila mmoja 340,000, karibu moja ya tisa ya mwenzao. Aliyefungwa mechi ya kwanza tu kwenye singo aliondoka na pauni 66,000, yaani amecheza saa mbili akashindwa akapanda ndege. ATP, wanaoendesha ziara ya wanaume, ilipoleta mpango wa kuwahakikishia wachezaji kipato cha chini kwa mwaka, ulitengenezwa kwa watu 250 bora wa singo, wa dabo hawakuwemo. Huwezi kumwambia mzazi wa mtaa wa Sakina au Soweto ya Moshi kwamba fani ni fani tu bila kumwonyesha hesabu hii.

Wanaotetea mgawanyo huu wanasema ni soko: tiketi na haki za televisheni zinauzwa na majina ya singo, na dabo inalishwa na mfuko huo huo. Ni kweli na inauma. Dabo ni mpangaji kwenye nyumba ya singo, na mwenye nyumba akiamua kugeuza chumba chako kuwa stoo unapewa notisi. Mwaka 2005 wachezaji wa dabo, kina Bryan wakiwemo, waliishtaki ATP mahakamani huko Marekani kwa sababu ya mabadiliko waliyoona yanawasukuma nje, yakaisha kwa maelewano, na mfumo uliobaki ndio huu wa leo kwenye ziara: ikifika 40-40 inachezwa pointi moja tu ya kufa na kupona, na seti ya tatu haipo, kuna taibreka ya pointi 10. Mechi zikawa fupi, zikatoshea kwenye ratiba. Wengine wanasema iliokoa dabo, wengine wanasema iliifanya kamari. Mi naona iliiokoa, ingawa kufungwa mechi nzima kwa sababu mpira umegusa wavu ukadondokea kwako ni uonevu mtupu.

Cha kuchekesha ni kwamba ukipita Gymkhana jioni utakuta wazee wanne uwanja mmoja, wanacheza dabo, wanatukanana kwa upendo, na duniani kote watu wazima kwenye klabu wanacheza hivyo hivyo. Kisha wanaenda nyumbani kuangalia singo. Mchezo wanaoucheza sio wanaoulipia. Sehemu ya tatizo ni timu zenyewe, leo fulani yuko na huyu, mwakani kaachana naye yuko na mwingine, shabiki anashindwa kushika bendera. Na kamera ya mbali inafanya ule ukatizaji wa wavuni uonekane kama ajali.

Halafu ikaja US Open 2025 na dabo ya mchanganyiko, mwanaume na mwanamke timu moja. Waandaaji wakauhamishia wiki ya kabla ya mashindano yenyewe, timu 16 tu, seti za gemu nne mpaka kufikia fainali, nusu ya timu zikaingia kwa viwango vya singo, na zawadi ya mabingwa ikapanda kutoka dola 200,000 hadi dola milioni 1. Wataalamu wa dabo karibu wote wakabaki nje wanaangalia hela waliyoiota miaka yote ikiwekwa mezani siku ambayo wao hawajaalikwa. Sara Errani na Andrea Vavassori, waliokuwa mabingwa watetezi, walilalamika hadharani kwamba hilo ni kama bonanza tu. Wakapewa mwaliko, wakaingia, wakawafunga wote, fainali wakawamaliza Iga Swiatek na Casper Ruud 6-3, 5-7, 10-6, wakaondoka na milioni yao.

Watu wa dabo walishangilia kama vile kesi imekwisha na wao ndio wameshinda. Mi nilishangilia pia, lakini tazama upande wa pili wa hiyo stori: uwanja ulijaa, televisheni zilionyesha, na ilikuwa hivyo kwa sababu majina makubwa yalikuwepo ya kufungwa. Errani na Vavassori walishinda taji lile lile mwaka 2024 na wengi wa kijiweni kwetu hawakujua. Kwa hiyo ushindi wao ulithibitisha ufundi wa dabo, na hapo hapo ukathibitisha hoja ya waandaaji kwamba bila nyota wa singo hakuna anayewasha tivii.

Kitu ambacho singo haiwezi kukupa ni umri. Rohan Bopanna wa India alikuwa na miaka 43 alipochukua Australian Open 2024, akiwa na Ebden huyu huyu tuliyemtaja, na kwa mashindano hayo akawa namba moja wa dabo duniani mzee kuliko wote kuwahi kutokea. Singo yake hakuwahi kuvuka namba 213. Magoti yalikuwa yamechoka, akawa anafanya yoga, akaendelea. Huyu bwana familia yake ni wakulima wa kahawa kule Coorg. Cara Black wa Zimbabwe, mataji 60 ya dabo na namba moja duniani, alikulia shamba la parachichi nje ya Harare ambako baba yao alitengeneza viwanja vya nyasi, na kaka zake Byron na Wayne nao wakabeba Grand Slam za dabo. Kahawa na parachichi, jamani wa Moshi mnasikia? Mnachokosa ni viwanja tu huko migombani. Na Harri Heliövaara wa Finland aliwahi kuacha tenisi kabisa akafanya kazi uwanja wa ndege wa Helsinki, akarudi kupitia dabo, Wimbledon 2024 akashinda na Henry Patten. Kwenye singo ukiacha miaka mitatu umesahaulika.

Sasa turudi kwa mzazi. Ukiangalia orodha ya mafundi wa dabo utaona wengi walipita vyuo vya Marekani: Bryan walikuwa Stanford, Krajicek Texas A&M, Joe Salisbury Memphis, Patten UNC Asheville. Na mechi za vyuo kule zinaanza na dabo tatu zinazogombea pointi moja kati ya saba, kisha singo sita. Kocha anayegawa skolashipu anamtaka mtoto anayeweza vyote viwili, lakini pointi sita ziko kwenye singo. Kwa hiyo ukimfundisha dogo dabo peke yake akiwa na miaka 13 umemfungia mlango wa skolashipu, na bila skolashipu hiyo gharama ya kuzunguka mashindano ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, hapa kwetu hakuna familia ya kawaida itaiweza, yale mashindano madogo ya M15 zawadi ya mashindano mazima ni dola 15,000 zinazogawanwa na watu wote, hapo hujagusa viza ambayo mpaka uende Dar.

Kwa maana hiyo wanaosema dabo ni fani kamili wako sahihi kuhusu mtu wa miaka 27, na wanakosea kuhusu mtoto. Mafundi wa dabo karibu wote walianza kama wachezaji wa singo, wakaja kuchagua. Wanaosema ni ya waliofeli wanakosea kuhusu heshima ila njia wameiona vizuri: dabo unaifikia kupitia singo, miguu na pumzi ulizojengea kule ndizo unazokuja nazo.

Angella Okutoyi wa Kenya ndiye mfano wa karibu. Wimbledon ya vijana 2022 alishinda dabo ya wasichana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, Mkenya wa kwanza kuchukua taji la vijana la Grand Slam, lakini mwanzoni mwa mwaka huo huo alishashinda mechi za singo Australian Open ya vijana, na baadaye akaenda chuo cha Auburn. Dabo ndiyo iliyotangaza jina lake, singo ndiyo iliyomfikisha kwenye droo.

Kwa hiyo dogo acheze singo mpaka amalize sekondari, ila kila wiki mumtie kwenye dabo na wale wazee wa jioni, wana mikono michafu wale, watamfundisha voli na lobu, ule mpira wa kupitisha juu ya kichwa cha mtu, kuliko video zozote. Akifika 16 au 17 apande basi kupitia Namanga akacheze Nairobi, ITF wamewahi kuwa na mashindano pale. Na kwenye dabo patna si lazima awe Mtanzania, Bopanna alifika fainali ya US Open 2010 na Mpakistani Aisam-ul-Haq Qureshi na serikali zao hazikuwa zinasalimiana vizuri, sembuse sisi na Wakenya.