Mjomba na Mwezi Unaohama

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alihangaikia kesho mpaka leo ikawa inampita mlangoni bila salamu. Ukimwambia "tuonane wiki ijayo", anakuuliza, "Kwani umeahidiwa na nani?"

Mwaka 1999 ndio alinimaliza. Alisikia kwamba kompyuta nyingi zinaandika mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho, hivyo ukifika 2000 zitaona 00 na kudhani ni 1900. Basi! Chumba kikajaa madumu ya maji, mishumaa na betri. Chumba changu, si chake. Chake kilikuwa bado na mishumaa ya hofu iliyotangulia. Usiku ule kasimama kando ya swichi, anazima taa, anawasha, anazima. Saa sita ikapita, taa iko palepale. Nikadhani ataona haya. Wapi! "Umeona? Wataalamu walihangaika mapema, ndiyo maana tumepona." Na kinachoniudhi hadi leo ni kwamba hapo hakukosea.

Ikaja 2012. Kalenda ya Wamaya, wale watu wa kale wa Amerika ya Kati, eti dunia inaisha tarehe 21 Desemba. Kumbe kalenda yenyewe ilikuwa inafunga mzunguko mmoja na kuanza mwingine, lakini nani amwambie? Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi huyo, kaja kunidai.

"Mjomba, kesho hakuna dunia, hela za nini?"

"Kiyama watu watakuwa wengi, nitakutafutia wapi?"

Nikalipa. Jumamosi nikamfuata anikopeshe tena, dunia si ipo? Akasema hizo ni akiba ya mwisho unaofuata.

Wenzangu wajomba zao huwatafutia kazi. Wangu alinipigia simu usiku wa manane kunijulisha kuwa mwezi unajitenga na dunia kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Sasa mimi nifanyeje, niufunge kamba?

Baada ya msiba tukafungua daftari lake. Nilitarajia habari za mali, au angalau deni analodai mtu mwingine. Ukurasa wa mwisho: "19 Januari 2038. Kompyuta zinazohesabu sekunde kwa biti 32, yaani tarakimu 32 tu za 0 na 1, zitajaa, saa zitarudi 1901. WAAMBIENI." Nilicheka mpaka mama akanikemea. Kisha nikatoka nje, nikamvuta pembeni binamu yangu anayejua mambo haya, nikamwuliza kwa sauti ya chini simu yangu ni ya biti ngapi.