Nani Kakata Kimbuyu?

Jumatatu nimesimama Sabasaba, hapa Dodoma, nasubiri daladala, simu ikatetema. Katuni. Nikacheka mpaka mama wa karanga akageuka. Halafu nikaitazama vizuri: hii si ya baba mdogo? Zile pua za viazi hakuna mwingine anayezichora. Ila chini kulia, pale anapoweka sahihi yake, kamti ka mbuyu kenye jina, yaani kimbuyu chake, hamna kitu. Pamekatwa, pakabandikwa nembo ya ofisi moja ya hapahapa mjini na maneno "Tunawatakia wiki njema".

Wiki njema!

Baba mdogo anachorea magazeti tangu niko darasa la tatu. Enzi hizo bahasha alimkabidhi kondakta wa basi la Dar. Basi likiharibika Gairo, gazeti linatoka na tangazo la magodoro mahali pake. Anaanza na penseli, anapitisha wino, unakauka, anafuta penseli. Kimbuyu huwa cha mwisho. Niliwahi kumuuliza kwa nini. "Kabla sijakiweka, mchoro bado naweza kuuchana." Malipo ni kwa mchoro uliochapwa, usipochapwa shauri yako. Hayo tuyaache, leo sina nafasi.

Waulizeni wazee wenu habari za Chakubanga, yule wa katuni za gazeti la Uhuru, watacheka hujamaliza swali. Sasa waulizeni alichorwa na nani. Wangapi watamtaja Christian Gregory? Mchora katuni Masoud Kipanya yeye kabahatika, kipanya chake kimemganda hadi kikawa jina lake. Wengine wote wanaishi kwenye hicho kipembe mnachokikata.

Haya, nakubali: bila hizo simu zenu vijana wa Chuo Kikuu, UDOM, wasingemjua baba mdogo, maana gazeti hawanunui. Sambazeni basi. Ila mnamsambaza nani, jina mmelitupa? Na msiniambie ni bahati mbaya. Kukata kuna kazi yake: unafungua picha, unaburuta kidole, unapima, unahifadhi. Mtu mzima, mwenye mshahara, alikaa kitini akaifanya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na ofisi yenye nembo nzuri namna ile haikosi mwanasheria wa kuwasomea.

Jioni nikampelekea Chang'ombe. Akavaa miwani, akaitazama weee. Nikajiandaa kusikia matusi ya Kigogo.

"Mwanangu," akasema, "nembo yao wameiweka imepinda."