Nyonga Ikivunjika, Eksirei Bado Ina Kazi

Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF kwa ajili ya athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikanunua mashine za CT, zinazopiga picha za ndani ya mwili vipande kwa vipande, za hospitali za rufaa za mikoa. Lilikuwa jambo jema. Lakini limezaa imani ambayo unaisikia Dodoma kwa ndugu wa majeruhi, na hata kwa baadhi ya madaktari vijana: kwamba aliyepata ajali akapigwa eksirei ya nyonga badala ya kuingizwa CT moja kwa moja, amepunjwa huduma. Imani hiyo ni ya hatari, na anayeumia nayo kwanza ni mgonjwa aliye mahututi kuliko wote.

Tuanze na damu. Mtu aliyegongwa kwenye barabara ya Morogoro au ya Singida, au aliyerushwa na bodaboda, nyonga yake ikifunguka damu haimwagiki chini. Inajikusanya nyuma ya tumbo, lita kadhaa, na ngozi inaweza isionyeshe kitu. Altrasaundi ya haraka inafaa sana kwa damu iliyo ndani ya tumbo lenyewe, ila eneo hilo la nyuma hailioni vizuri. Kwa hiyo daktari aliyesimama mbele ya mgonjwa ambaye presha yake imeshuka hadi 70 hahitaji kwanza kujua mifupa imevunjika vipande vingapi. Anataka kujua kama nyonga ndiyo inayommaliza. Picha moja ya mbele mara nyingi inamjibu: mifupa ya kinena imeachana, au upande mmoja umepanda juu kuliko mwenzake. Mashine ya eksirei ya kusukuma inaletwa kitandani, dripu na damu zinaendelea, na nyonga inafungwa kwa mkanda au shuka, usawa wa mifupa inayochomoza juu ya mapaja, si kiunoni kama wengi wanavyokosea. Mgonjwa hatolewi chumbani.

CT inataka abebwe, apitishwe korido, alazwe kwenye meza mbali na mikono ya wanaomhudumia, achomwe dawa ya kuonyesha mishipa. Kwa mtu anayeishiwa damu hiyo ni safari ndefu. Ndiyo maana mwongozo wa ATLS wa kuhudumia majeruhi, unaofundishwa kwa madaktari wa dharura nchi nyingi, bado unaitaja eksirei ya kifua na ya nyonga katika hatua ya mwanzo kabisa.

CT nayo ina haki yake, na si ndogo. Nyonga ni mzunguko wa mifupa. Kama bangili, ni nadra ipasuke mahali pamoja tu. Eksirei ikionyesha ufa mbele, mara nyingi upo mwingine nyuma, kwenye sakramu, mfupa wa chini kabisa ya mgongo, au kwenye kiungo chake na nyonga, na huko picha ya kawaida hukosea sana kwa sababu ya gesi na kinyesi vinavyofunika. Kikombe kinachobeba kichwa cha paja hakipangiwi upasuaji leo bila CT. Na mgonjwa ambaye presha yake imetulia, ambaye tayari anakwenda kupigwa CT ya tumbo, eksirei ya nyonga haimwongezei kitu. Hapo wanaoipinga wako sahihi kabisa.

Wanaotaka CT kwa kila majeruhi huutaja utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2009, uliopitia kumbukumbu za majeruhi 4,621 na kukuta kwamba waliopigwa CT ya mwili mzima walipona zaidi ya ilivyotarajiwa kwa ukali wa majeraha yao. Tatizo ni kwamba ili uingie kwenye CT lazima kwanza uwe hai mpaka ufike; anayekufa mapema anahesabiwa upande wa wasiopigwa. Jaribio la REACT-2, lililofanyika Uholanzi na Uswisi na kuchapishwa mwaka 2016, lilikwepa mtego huo kwa kuwagawa majeruhi kwa bahati nasibu: kundi moja CT ya mwili mzima papo hapo, lingine eksirei na altrasaundi kwanza, kisha CT pale tu ilipohitajika. Walichambuliwa 1,083. Waliofariki hospitalini ni asilimia 16 huku na asilimia 16 kule.

Namba hiyo inastahili kuangaliwa mara mbili. Ni kweli kwamba asilimia 46 ya kundi la pili waliishia kupigwa CT za mwili wote, kwa hiyo halikuwa shindano la eksirei peke yake dhidi ya CT. Lakini inaonyesha kwamba kuanza na picha ya kawaida hakukuongeza vifo. Tena jaribio halikuwachukua waliokuwa mahututi mno kuingia CT, wala waliopewa rufaa kutoka hospitali nyingine. Hao wawili ndio wagonjwa wetu: aliyetoka Mpwapwa au Kongwa, saa kadhaa baada ya ajali, presha ikishuka. Ikiwa CT ya papo hapo haikuokoa maisha zaidi katika hospitali zenye kila kitu, tena kwa wagonjwa wenye nafuu kuliko huyu, kwa msingi gani tunamsukuma yeye koridoni?

Kuna na hili: picha inapaswa kubadilisha tendo. CT yenye dawa inaweza kuonyesha ateri inayovuja, na tiba yake ni kuuziba mshipa huo kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Hospitali isiyo na huduma hiyo itafikiria Muhimbili, kilomita zipatazo 450 kutoka Dodoma. Zaidi ya hayo, damu nyingi ya nyonga hutoka kwenye vena na kwenye mifupa yenyewe, ambako katheta haisaidii. Kinachosaidia ni kufunga, kuongeza damu, na upasuaji wa kujaza vitambaa ndani ya nyonga ili kuikandamiza damu.

Suala la mionzi na gharama sitalivuta sana. CT huzidi eksirei kwa vyote viwili, mara kadhaa. Na majeruhi aliye macho, ambaye hajalewa pombe, asiye na jeraha lingine kubwa na asiyesikia maumivu yoyote ya nyonga, mara nyingi hahitaji picha ya nyonga ya aina yoyote.

Ninalosisitiza kwa hospitali za wilaya ni barua ya rufaa. Nyonga iliyofungwa vizuri inaweza kurudi mahali pake mpaka eksirei na CT zote zikaonekana karibu za kawaida. Barua iseme imefungwa saa ngapi na presha ilikuwa ngapi kabla ya kufungwa, na picha ya kwanza isafiri na mgonjwa, hata kama ni kwenye simu ya muuguzi anayemsindikiza.