Ndoo Yangu ya Kuogea Imegeuzwa Kalibu

Jamani, wenzangu wanagombana na wake zao kwa ajili ya simu. Mimi ugomvi wangu ni beseni. Tangu mama watoto aanze kutengeneza vyungu vya maua vya simenti, hakuna chombo humu ndani chenye uhakika wa kesho.

Nilimshauri, tena kwa upole: nenda kwa fundi wa kuchomelea akuundie kalibu za bati. Akaniuliza bei yake naijua? Kalibu ziko jikoni! Basi ndoo kubwa nje, kopo la rangi ndani, katikati anashindilia mchanganyiko, simenti moja kwa mchanga tatu. Likikaza anavua ndoo, chungu hicho. Ndoo yenyewe ndiyo niliyokuwa naogea.

Tena haiingii kavu. Usipoipaka mafuta, zege linang'ang'ania na hutoi kitu. Mafundi wanatumia oili chafu ya gereji, ila yeye anadai inaacha madoa, kwa hiyo anapaka mafuta yangu ya mgando. Mimi naenda kazini nimepauka, ndoo inang'aa.

Halafu kuna jirani na magimbi yake. Mama watoto anamchumia majani makubwa makubwa, analilaza jani juu ya kichuguu cha mchanga, mgongo wake juu maana huko ndiko mishipa ilikotokeza, kisha analipaka simenti nzito. Ikikaza anabandua jani, na mishipa yote imo, hadi ile myembamba. Hapo sina ubishi, ni kazi nzuri. Tumeweka sahani moja ya hivyo uani, tumetia maji, ndege wanakuja kuoga. Ndege wanaoga! Mwenye nyumba ananawa uso kwa kikombe.

Maana maji yenyewe tunanunua kwa dumu, na yakifika yanaanza kwa vyungu. Zege, naambiwa, halipati nguvu kwa jua, linapata kwa maji. Kwa hiyo asubuhi linamwagiliwa, jioni linamwagiliwa, usiku linafunikwa gunia bichi, wiki nzima. Na hiyo eti ni huruma, kwa sababu wajenzi wanasubiri siku 28 ndipo wapime nguvu yake. Mimi nikiugua malaria sikupata hata kitambaa kibichi cha kipaji.

Kuna chungu kimoja kilikataa kukaza, ukikigusa kinamwagika unga. Kikaitwa kikao cha familia. Kumbe mtoto alileta jagi la juisi ya ukwaju bila kulisuuza, na sukari, hata kidogo tu, inaizuia simenti isishike. Siku hizi majagi yanasuuzwa kwa sabuni kabla ya zege. Kabla ya juisi, hapana.

Binti yetu wa sekondari, badala ya kumtetea baba yake, ananiletea historia. Eti mwaka 1867 mtunza bustani wa Ufaransa, Joseph Monier, alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya vyungu vya simenti vyenye wavu wa chuma ndani, na kwamba nondo za maghorofa zinadaiwa shukrani na maua. Sawa. Ninachotaka kujua ni kama huyo Monier alibomoa banda la kuku la mtu. Wavu wa banda langu uko ndani ya vyungu, kuku wangu wanalala kwa jirani wa magimbi, naye anasema sasa tumelipana.

Lakini yote hayo ningeyameza. Kilichonishinda ni nguo. Alianza na taulo: analichovya kwenye uji wa simenti, analifunika juu ya ndoo iliyopinduliwa, likikaza analigeuza, chungu chenye mikunjo. Taulo likaisha, akahamia kabatini. Suruali yangu ya kijivu, ya harusi na misiba, ilijazwa mchanga, ikachovywa, ikasimamishwa getini. Kiunoni imeota alovera. Mjumbe wa shina alipita magharibi akaiamkia, akaona haiitikii, na sasa anasambaza habari kwamba nina dharau.

Juzi kaja mteja, kaipenda, anataka mbili. Ya kwanza hivyo hivyo ilivyo, ya pili iwe na kitambi. Mama watoto akanitazama kiunoni, akapima kwa macho, akaniuliza: "Baba, hiyo uliyovaa unaivua saa ngapi?"